Ulichokifungua Usikitupe

Gari lilikuwa la mwaka 1961, na katikati ya dashibodi yake palikuwa na tundu la mstatili lililokatwa kwa msumeno. Kingo zilikuwa bado na meno. Kwenye pembe ya kushoto msumeno uliteleza ukaacha mchubuko mrefu uliokula rangi hadi kwenye bati, na kutu ilishaanza kutambaa kutoka hapo. Aliyelikata alitaka mahali pa kuweka redio ya kaseti. Redio yenyewe haikuwepo tena. Zilibaki waya nne zilizozungushiwa utepe mweusi. Niliingiza vidole nikagusa upande wa nyuma, pale ambapo kiwanda hakikujisumbua kumalizia rangi, nikapiga hesabu: dashibodi ile ilikaa nzima zaidi ya miaka ishirini kabla ya redio, na imekaa na jeraha zaidi ya ishirini baada yake. Redio haikufika kumi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Hapa kinyemi kilishaondoka, kidonda kimebaki.

Tangu siku ile nausikiliza kwa sikio jingine ule mjadala usiokwisha miongoni mwa wapenzi wa magari ya kale. Kambi moja inataka gari libaki lilivyotoka kiwandani hadi skrubu ya mwisho. Kambi ya pili inasema gari lisiloendesheka ni chuma chakavu kilichopigwa rangi, kwa hiyo litiwe breki za diski, kiyoyozi, usukani wa pawa, hata mota ya umeme, ili mradi litembee na vijana walipende. Nimekaa na watu wa kambi zote mbili na wote wana hoja. Ila mimi kila badiliko nalipima kwa swali moja: atakayelipokea gari hili baada yangu ataweza kulirudisha lilivyokuwa? Kama anaweza, mengi nitayakubali. Kama hawezi, nataka nipewe sababu nzito.

Watetezi wa uasili hupenda kutukumbusha kwamba mwacha asili ni mtumwa. Sawa, lakini tujue kwanza hiyo asili ilikuwaje. Chukua Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 kwa idadi inayopita milioni 15. Dereva wa leo akiipanda bila kufundishwa hawezi kuiondoa. Ina pedali tatu, na hakuna hata moja ya mafuta. Mafuta yako kwenye kijiti kilicho chini ya usukani upande wa kulia. Kijiti cha kushoto ni cha kuwahisha au kuchelewesha cheche inayowasha petroli ndani ya injini. Pedali ya kushoto ukiikanyaga hadi chini unapata gia nzito, ukiiachia unapata gia ya mwendo. Ya katikati ni ya kurudi nyuma. Ya kulia ni breki, na breki hiyo inashika ndani ya gia boksi, haigusi magurudumu. Ukisahau kuchelewesha cheche kabla ya kuzungusha hendeli ya kuwashia injini kwa mkono, hendeli inakurudia kwa nguvu ya kuvunja mkono.

Wenye magari hayo hawakukaa wakayavumilia tu. Cadillac ilipoleta stata ya umeme kwenye magari yake ya 1912, kazi ya Charles Kettering, watu wa Model T nao waliitamani. Ford ilianza kuiweka mwaka 1919, na kabla ya hapo kulishakuwa na watu waliouza vifaa vya kuwashia bila hendeli. Madereva walinunua breki za nje za magurudumu ya nyuma zilizoitwa Rocky Mountain. Walinunua ekseli ya Ruckstell, iliyoongeza gia mbili kwenye difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ili gari lipande mlima bila kulia. Sasa Model T ya 1917 iliyofungwa ekseli hiyo mwaka 1924, tuiite ya asili au iliyobadilishwa? Mimi naiita gari lililoishi. Ukiing'oa ekseli ile leo kwa jina la usafi, unafuta ukurasa ulioandikwa na mwenye gari mwenyewe, aliyekuwa na mlima wa kupanda na mzigo wa kubeba.

Wajerumani wamelielewa hili vizuri. Namba zao za magari ya kihistoria, zile zenye herufi H mwishoni zilizoanza mwaka 1997, hutolewa kwa gari la miaka 30 au zaidi lililo karibu na hali yake ya asili, na badiliko lililofanyika ndani ya miaka 10 ya mwanzo ya gari huhesabiwa kuwa la zama zake. Mwaka huohuo wa 1997, mashindano ya Pebble Beach huko California, yanayosifika kwa magari ya kifahari yasiyo na doa, yalifungua kundi la zile Ford za zamani ambazo vijana wa Marekani walizipunguza bodi na kuzitia injini kali. Zilizoonekana uharibifu mtupu miaka ya 1940 zikawa zinatetewa kama urithi. Muda huwa unageuza fujo kuwa historia, na hilo ni la kulikumbuka kabla ya kumcheka kijana wa leo na gari lake.

Kambi ya uasili nayo ina deni, na deni lake ni kubwa. Kwa miongo mingi majaji wa maonyesho walitoa alama kwa kung'aa. Gari lililotoka kiwandani na rangi nyembamba ya nitroselulosi, yenye mng'ao wa wastani na pengine tone lililokaukia chini ya mlango, liliparuliwa hadi bati tupu, likapigwa rangi ya kisasa na kliya, ule utando angavu wa kung'arisha, juu yake, likasuguliwa mpaka unaweza kujinyoa ndevu ukijitazama ubavuni mwake. Ngozi ya viti iliyochanika kidogo ikatupwa. Boliti zilizokuwa na rangi ya kijivu isiyo na mvuto zikatiwa kromu. Alama za chaki na penseli walizoacha wafanyakazi wa kiwandani nyuma ya mbao za milango zikafutwa kwa kitambaa chenye thina. Kazi hiyo yote iliitwa kurudisha asili. Gari lilikuwa linafanywa jipya kuliko lilivyopata kuwa siku yoyote ya uhai wake, na ushahidi wenyewe ukaishia kwenye pipa la taka. Msumeno wa yule wa redio uliharibu kipande cha upana wa kiganja. Hawa walisafisha gari zima.

Upepo umeanza kugeuka. Februari 2015, mjini Paris, yalipigwa mnada magari yaliyokutwa yamesahauliwa kwenye mabanda magharibi mwa Ufaransa. Ferrari 250 GT California Spider ya 1961, iliyowahi kuwa ya mwigizaji Alain Delon, iliuzwa kwa zaidi ya euro milioni 16 ikiwa na vumbi lake juu. Na Agosti 2024, kwenye Pebble Beach hiyohiyo, tuzo kuu ilikwenda kwa Bugatti Type 59 Sports ya 1934, gari lililowahi kuwa la Mfalme Leopold III wa Ubelgiji. Mashindano hayo yalianza 1950, na hiyo ndiyo mara ya kwanza gari lililohifadhiwa tu, ambalo halikufanywa jipya, kuyashinda. Nililitazama kwenye picha muda mrefu: rangi nyeusi iliyochoka, yenye michubuko ya miaka tisini, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Nilifurahi sana. Nina hofu moja tu: fedha ikishaanza kufuata uchakavu, uchakavu nao hughushiwa. Tayari wapo wanaozeesha rangi kwa msasa na kemikali.

Kuhusu wapi gari linaishia kuwa lenyewe, kuna kesi ya Uingereza ambayo kila mpenzi wa magari ya kale angepaswa kuijua. Bentley Speed Six inayojulikana kama Old Number One ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1929 na 1930. Katika miaka iliyofuata ilijengwa na kujengwa tena kwa ajili ya mbio, hadi vipande vya awali vikabaki vichache mno. Ilipouzwa kwa mamilioni ya pauni, mnunuzi akakataa akidai hilo silo gari lenyewe, na Mahakama Kuu ikaamua mwaka 1990. Jaji alisema gari lile haliwezi kuitwa la asili kwa maana ya vipande, lakini ni Old Number One halisi, kwa kuwa historia yake haikukatika na hakuna gari jingine popote linaloweza kudai jina hilo. Hukumu ile naipenda kwa sababu ilitenganisha vitu viwili tunavyovichanganya kila siku, vipande na mwendelezo. Vipande vinaweza kubadilika. Mwendelezo unahitaji mtu anayeweza kuonyesha, hatua kwa hatua, nini kilitoka, lini, na kwa nini. Bila maandishi, kesi ile isingekuwa na cha kuamuliwa.

Sasa tufungue boneti. Kwenye distribyuta ya zamani, kifaa kinachogawa cheche kwa silinda za injini, kuna platini, vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana maelfu ya mara kwa dakika. Nafasi kati yao ni karibu milimita 0.4. Fundi aliyenifundisha alipitisha kile kibati chembamba cha kupimia katikati yao akaniambia nivute taratibu: nisikie kimeshikwa kidogo, kama uzi unaopita kati ya vidole. Siku hizi kuna kifaa cha kielektroniki chenye ukubwa wa nusu ya kiberiti kinachokaa palepale pa platini, chini ya kifuniko kilekile, na waya zake mbili zinakwenda kwenye koili. Nusu saa ya kazi, hakuna tundu linalotobolewa, na asubuhi gari linawaka bila kubembelezwa. Nakifunga bila kusita. Platini na kondensa yake naviweka kwenye kikopo ndani ya buti, na si kwa ajili ya historia peke yake. Platini huanza kulalamika wiki kadhaa kabla ya kuchoka, na ukikwama unazisugua na msasa ukaendelea na safari. Kile kifaa kikifa, kinakufa kimya, na kando ya barabara huna la kukifanya.

Breki nazizungumzia kwa ufupi kwa sababu sioni cha kubishania. Magari mengi ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana njia moja tu ya mafuta ya breki. Kifuko kimoja cha mpira kikipasuka kwenye gurudumu moja, pedali inakwenda hadi sakafuni na magurudumu yote manne yanakosa breki. Masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, ya njia mbili inatatua hilo, na inakaa pale pale ilipokuwa ya zamani au karibu na hapo. Mkanda wa usalama wa pointi tatu, ule wa Nils Bohlin wa Volvo wa mwaka 1959, unaweza kudai matundu mawili matatu kwenye bodi. Nayatoboa na kuyatia kibati cha kuimarisha nyuma. Mtoto anayevuka barabara hakuchagua uasili wangu, wala abiria wangu hakuuchagua.

Na lipo badiliko moja lisilorudi kabisa ambalo nalitetea waziwazi. Petroli ya zamani ilitiwa madini ya risasi, na risasi ile, pamoja na sumu yake yote, ilikuwa inaacha utando unaolinda viti vya valvu, zile kingo ambazo valvu za injini hukalia zinapofunga, dhidi ya kugongwa na dhidi ya joto. Dunia imeiacha, na imefanya vizuri: nchi ya mwisho kuuza petroli ya risasi kwa magari, Algeria, iliacha mwaka 2021. Lakini injini yenye viti vya chuma laini cha kuchongwa ndani ya silinda hedi yenyewe, ikiendeshwa kwa kasi bila risasi, valvu zake huzama kidogo kidogo ndani ya chuma. Dawa ni kuchonga hedi na kupachika viti vigumu. Chuma kilichochongwa hakirudi. Hata hivyo usipochonga, hedi yenyewe inaliwa, na baada ya muda hutakuwa na asili ya kuilinda. Hii ndiyo sababu nzito niliyoisema mwanzoni. Gari la kale limelazimika kuhamia kwenye dunia yenye mafuta mengine, na ethanoli inayochanganywa kwenye petroli siku hizi inadai vivyo hivyo kwa mipira na gasketi za kabureta.

Mota ya umeme ni jambo jingine kabisa. Mei 2018 dunia iliona Jaguar E-Type ya zamani ikiondoka kimya kwenye harusi ya Mwanamfalme Harry na Meghan, ikiwa imetolewa injini na kutiwa betri. Ilikuwa picha nzuri. Mwaka huohuo kampuni ilitangaza kwamba itawatengenezea na wateja. Mwishoni mwa 2019 ikausitisha mpango. Wengine wanaendelea, na Ufaransa tangu 2020 ina kanuni rasmi zinazoruhusu gari la petroli lililopita miaka mitano kugeuzwa la umeme. Wanaoipenda njia hii wanasema ndiyo itakayowaokoa vijana na harufu ya petroli, na magari yenyewe na marufuku za mijini.

Ninawaomba wafikirie jambo moja. Kuanzia 1907 hadi 1939 kulikuwa na kampuni ya Marekani iliyotengeneza magari ya betri, Detroit Electric. Clara, mke wa Henry Ford, mwenyewe aliendesha gari la kampuni hiyo. Tuseme mtu anapata moja ya 1914 iliyo nzima, anang'oa mota yake, anatupa swichi zake za shaba, anatia injini ya petroli kwa sababu petroli inapatikana kirahisi. Kila mpenzi wa magari ya kale angepiga yowe. Basi yowe hilohilo linastahili pale injini ya silinda sita iliyosikilizwa, kunuswa na kurekebishwa kwa miaka sitini inapotolewa na kuuzwa kwa kilo. Injini ndiyo inayoeleza kwa nini boneti ni ndefu vile, kwa nini radieta iko pale, kwa nini dereva anakaa nyuma namna ile. Ukiiondoa unabaki na ganda zuri.

Halafu nakumbuka ile redio. Betri na vidhibiti vya leo ni vya leo. Baada ya miaka kumi na mitano programu yake haitakuwa na wa kuifungua, na seli zitakuwa zimechoka. Kabureta ya 1934 bado inafunguliwa kwa bisibisi na kusafishwa kwa mswaki.

Pamoja na hayo simfungii mtu mlango. Aston Martin ilionyesha mwaka 2018 namna inayonishawishi: mfumo wote wa umeme kwenye fremu moja, unaofungwa kwenye vishikio vilevile vya injini na gia boksi vya gari la DB6, ili siku moja utolewe na injini irudi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, lililoanzishwa 1966, lilieleza msimamo wake mwaka 2019: gari lililogeuzwa la umeme halihesabiki tena kuwa la kihistoria, lakini anayeamua kugeuza anashauriwa afanye hivyo kwa njia inayorudishika, na vipande vyote vya asili viwekewe alama, tarehe na vihifadhiwe, ili gari likirudishwa lipate tena hadhi yake. Msimamo huo nauunga mkono neno kwa neno. Na gari la kawaida lililotengenezwa kwa malaki, ambalo injini yake ilishapotea na bodi inangoja kukatwa vyuma chakavu, aliyetaka kulitia betri na alitie, afadhali litembee.

Kuna upande wa sheria ambao wenzetu wa kambi ya usasa wanaupuuza. London inayatoza ada magari yanayochafua hewa, lakini gari la kihistoria lililopita miaka 40 limesamehewa. Uingereza pia imeyaondolea magari ya umri huo ukaguzi wa kila mwaka, kwa sharti kwamba hayakubadilishwa kwa kiasi kikubwa ndani ya miaka 30 iliyopita. Misamaha hii haikudondoka mbinguni. Ilitolewa kwa hoja moja: kwamba haya ni mabaki ya historia, ni machache, na hayaendeshwi sana. Tukiyageuza kuwa maganda ya kuvalisha mitambo mipya kwa safari za kila siku, mbunge atatuuliza tunalinda nini hasa, nasi tutakosa jibu.

Na hao vijana tunaowasemea? Wengi wana magari yao tayari, na si ya shaba na hendeli. Wanapenda magari ya Japani ya miaka ya 1980 na 1990, waliyoyaona utotoni, na mengi yao sasa yamevuka miaka 30. Hapo ndipo uasili utakapopata mtihani wake mkubwa. Ekseli ya Model T fundi mwenye mashine ya kuchongea chuma anaweza kuichonga upya. Kompyuta ya injini ya 1991, ambayo kapasita zake, vile vijisehemu vya kuhifadhi umeme, zimevuja na kula njia za shaba kwenye bodi yake ya kielektroniki, inahitaji mikono mingine. Plastiki za dashibodi zinavunjika kama biskuti. Viwanda vimeliona: Nissan na Mazda walianza mwaka 2017, mmoja akitengeneza upya spea za Skyline GT-R ya R32, mwingine akiwafanyia wateja matengenezo kamili ya MX-5 ya kwanza, na Toyota akafuata na Supra zake. Porsche nayo inachapa kwa printa ya 3D wenzo wa klachi wa 959, gari lililotengenezwa chini ya mia tatu. Hapa teknolojia mpya kabisa inafanya kazi ya kulinda cha zamani, na kijana anayejua kuchomea kapasita ana nafasi kubwa kwenye gereji kuliko mimi na msasa wangu wa platini.

Ninachotaka vilabu na majaji wafanye si kikubwa. Gari likifika kwenye maonyesho, kabla ya kuinama kutazama rangi, waombe daftari: nini kimebadilishwa, lini, na nani. Kisha waulize kilichotolewa kiko wapi. Mwenye breki mpya na masta silinda ya zamani iliyopakwa grisi nyumbani apate alama nyingi kuliko mwenye gari linalometameta lisilo na kumbukumbu.

Lile la 1961 tundu lake bado lipo. Sijalichomelea; fundi wa bati alisema joto litapinda dashibodi nzima, nami namwamini. Nimetengeneza kibati cha kulifunika, kinashikwa na klipu mbili, kinatoka kwa vidole. Nyuma yake nimebandika karatasi yenye vipimo vya tundu, mwaka niliolikuta, na orodha ya nilivyofungua mimi mwenyewe: dainamo, ipo kwenye sanduku la mbao, inazunguka vizuri, platini, kwenye kikopo, mkanda wa awali wa feni, umechanika, umehifadhiwa.